Vipindi Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kurudia Riadha kwa Vitendo kwa mara ya pili, na kwa kanuni za chuo hakuna mara ya tatu. Nimenunua daftari hili ili niandike mambo yanavyokwenda. Najijua. Nisipoandika nitaanza kujidanganya kwamba naendelea vizuri.

Mimi ni Ndeshi, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na miwili, umri arobaini na sita. Shuleni kwetu kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, lakini tulikitumia kufagia uwanja. Mwalimu mkuu alipouliza nani aende kusomea stashahada ya michezo, nilinyoosha mkono peke yangu, na walimu wa kiume wakacheka. Labda nilinyoosha kwa sababu walikuwa wameshaanza kucheka kabla.

Masomo mengine yote nimefaulu. Tufe nilitupa vizuri kuliko wasichana wa miaka ishirini. Kilichonikamata ni viunzi, vile vyuma vya kuruka ukiwa mbioni. Mtihani ni kuvivuka vitano mfululizo. Mara ya kwanza nilianguka kwenye cha tatu nikachanika goti. Mara ya pili nilifika hapohapo nikasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Ukisimama, umefeli. Nikishindwa safari hii, nadisko, yaani nafukuzwa chuo, narudi kwa wale wale waliocheka, bila cheti.

Kanuni inasema mrudiaji ahudhurie vipindi kumi na nane uwanjani, kila kimoja kitiwe sahihi na mkufunzi, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Vipindi ni Jumatatu na Alhamisi, saa kumi jioni, pamoja na mwaka wa kwanza. Nimehesabu kwenye kalenda, nikatoa sikukuu: viko ishirini na tatu mpaka mtihani wa tarehe 5 Juni. Nafasi ya kukosa ni vitano tu. Na kipindi kinachofutwa kwa mvua hakihesabiwi.

Mkufunzi wetu anaitwa Silantoi. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, haongei sana. Hakuniamkia. Alisoma orodha, akaniita "Namba thelathini na moja," nikaitika kama mtoto.

Alhamisi, 6 Machi

Kipindi cha pili. Jua kali. Nimevuka kiunzi kimoja kilicholazwa chini kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Warudiaji tuko wawili. Mwenzangu anaitwa Anyesi, Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni, miaka ishirini na mitatu. Leo alifika amechelewa, raba hazijafungwa kamba, akavuka viunzi vyote vitano kama mtu anayepita mlangoni kwake. Nilimwuliza anarudia nini sasa.

"Mahudhurio, mama. Mwaka jana nilijifungua katikati ya muhula."

Ana mtoto wa miezi minane, Lesian, anayebaki na bibi yake. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikaona anatafuna bigijii mbele ya mkufunzi, huruma ikapungua.

Alhamisi, 13 Machi

Anyesi hakuja. Vijana hawa.

Jumatatu, 17 Machi

Kipindi cha tano. Anyesi amerudi. Anasema Alhamisi mtoto alikuwa na homa, walishinda zahanati. Nilimwambia angeleta cheti cha daktari. Akajibu kwamba cheti alikuwa nacho, lakini kanuni inasema ugonjwa wa mwanafunzi, haisemi ugonjwa wa mtoto wa mwanafunzi.

Tunaandika majina yetu kwenye fomu moja kila kipindi, Silantoi anatia sahihi chini. Kwa kuwa mimi ni mkubwa, fomu amenikabidhi niitunze.

Alhamisi, 20 Machi

Masika yameingia. Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi. Kipindi kimefutwa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kimefutwa.

Alhamisi, 27 Machi

Kimefanyika. Cha sita. Nimejigonga muundi nikaona nyota.

Jioni mume wangu, Ludovick, aliona ninavyochechemea nikitoka bafuni. Ana karakana ya kuchomelea hapa Daraja Mbili, anatengeneza mageti na madirisha. Alisema, "Mama Godbless, mtu mzima na akili zako unaruka vyuma. Watu wa kanisani wameanza kuuliza."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza unatafuta nini."

"Waambie natafuta kiunzi cha tatu."

Hakucheka. Akanisogezea sahani ya ndizi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kimefutwa. Nilisimama barazani na raba zangu mkononi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Kimefutwa. Silantoi alikuja mpaka ukingoni mwa uwanja, akakanyaga, kiatu kikazama, akatikisa kichwa, akarudi ofisini. Nilimchukia kabisa, Mungu anisamehe. Yeye mshahara wake unaingia hata mvua ikinyesha.

Jumatatu, 14 Aprili

Kimefanyika. Cha saba. Viunzi viwili mfululizo!

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Kimefutwa. Nikaketi na kalenda. Nina saba. Mpaka mtihani vimebaki kumi na kimoja. Saba na kumi na kimoja ni kumi na nane. Hakuna tena cha kupoteza hata kimoja, na huu ndio kwanza mwezi wa Aprili.

Anyesi alikuja nilipo akiwa ameloa, akasimama kando yangu. Naye alikuwa ameshapiga hesabu. Ana sita, kwa sababu ya ile Alhamisi ya homa. Hata jua likiwaka kila siku kuanzia leo, atafikisha kumi na saba.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeshaniamkia asubuhi."

"Mama, ile fomu ya tarehe kumi na tatu. Chini ya jina lako pana mstari mtupu. Sahihi ya madamu ipo tayari."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikamwambia hapana.

"Ni jina moja tu. Nani ataumia?"

"Anyesi, miaka ishirini na miwili nimesahihisha madaftari ya watoto. Siwezi kuandika mtu alikuwepo wakati hakuwepo."

Aliniangalia. Hakupandisha sauti. "Wewe una siku, huna miguu. Mimi nina miguu, sina siku. Ningekuwa naweza kukupa miguu yangu ningekupa, wala nisingekuuliza kanuni."

Akaondoka mvuani. Nimeandika hapa alivyosema kwa sababu yamenikaa. Nilimwona mzembe kwa ajili ya kamba za raba. Leo ndiyo nimeuliza watu: anatoka kwao saa kumi na moja alfajiri, ananyonyesha kabla ya kutoka, mchana anakamua maziwa chooni ili asiloane kifuani, jioni anarudi kukamua ng'ombe.

Nimechukua kile kijitabu cha kanuni. Nitakisoma chote, siyo ukurasa wa adhabu peke yake.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baada ya ibada nimesoma kanuni mpaka mwisho. Nimepata mambo mawili.

La kwanza: kipindi kimoja kilichokosekana kinaweza kufidiwa, mrudiaji akiomba kwa maandishi na mkufunzi akikubali. Kimoja tu. Anyesi anahitaji kimoja tu.

La pili: hakuna mahali palipoandikwa kwamba mvua inafuta kipindi. Imeandikwa kwamba mkufunzi atafuta kipindi "uwanja ukiwa haufai". Kwa hiyo adui yetu si mvua. Ni maji yanayokaa.

Jumamosi, 20 Aprili. Hapana, ni 19. Nimechoka, hata tarehe sizioni.

Alfajiri nilimpigia Anyesi. Nilidhani hatapokea. Nikamwambia nimesoma nini. Akauliza, "Majembe yapo?"

Mlinzi wa chuo alituruhusu na akatuazima majembe mawili na sepetu. Mimi nilitaka tuchimbe katikati, mahali maji yanapoonekana. Anyesi alizunguka uwanja mzima kwanza, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Halafu akasema, "Hapa tutachimba bure. Maji yanatoka kule juu, kwenye ule ukuta. Tukiyakamata huko, hayatafika." Kwao wanalima mteremkoni, mifereji ameijua tangu akiwa na meno ya utoto. Mimi nimefundisha maarifa ya jamii miaka yote hiyo, na sikujua maji ya mvua yanazuiwaje.

Tulichimba kuanzia saa moja mpaka saa tisa alasiri. Udongo mweusi, mzito, unang'ang'ania jembe. Manyunyu hayakukatika. Saa sita tulikula mikate na chai ya chupa chini ya paa la choo, na hapo ndipo nilimwomba radhi.

"Radhi ya nini, mama?"

"Ya kukuona mvivu."

Alicheka. "Na mimi nilikuona mchawi. Kwa hiyo tumelipana."

Mfereji una urefu wa hatua sitini na mbili. Mikono yangu haishiki kijiko. Kesho ni Pasaka.

Alhamisi, 24 Aprili

Ilinyesha tangu saa saba. Saa kumi kasorobo Silantoi alitoka na mwavuli. Sisi wawili tulikuwa tumesimama kwenye mstari wa kuanzia, na traksuti zetu zimeshikana na mwili. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji kwa nguvu, ya kahawia, yanakwenda zake kwenye korongo. Uwanja ulikuwa umeloa lakini maji hayakutuama.

Silantoi alikanyaga kama kawaida yake. Kiatu hakikuzama. Akatembea njia yote ya viunzi, anakanyaga, anakanyaga. Akafika kwenye mfereji, akauangalia mwanzo hadi mwisho.

"Nani amechimba?"

"Sisi, madamu."

Aliufunga mwavuli, akapuliza filimbi. Mwaka wa kwanza waliguna huko barazani kama watu wanaoamshwa usingizini.

Cha nane.

Jumatatu, 28 Aprili

Cha tisa. Baada ya kipindi nilimpelekea Silantoi barua ya Anyesi ya kuomba kufidia, Anyesi mwenyewe akiwa kando yangu. Ofisini alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia. Nilishtuka. Nikaitika.

Alisoma barua mara mbili. Kisha akasema hawezi. Nikamwambia kanuni inaruhusu, namba kumi na mbili, na kwamba nilidhani anapenda kanuni.

Alifungua droo, akatoa karatasi akaiweka mezani tuione. Ilikuwa barua ya onyo. Mwaka jana alimtilia mwanafunzi mmoja sahihi za vipindi vitatu, mwanafunzi aliyekuwa anauguza mama yake. Mtu alimsemea.

"Nilimhurumia," alisema. "Yeye alifukuzwa, mimi nikabaki na hii. Nikipata ya pili, mkataba wangu hauongezwi. Mnaniona ninavyokanyaga ule uwanja. Mnadhani napenda kufuta?"

Anyesi ndiye aliyesema, polepole, "Madamu, mimi siombi sahihi. Naomba kipindi. Saa nzima na nusu, hata watu wote wakiwa wanaangalia."

Silantoi aliirudisha ile barua ya onyo kwenye droo. "Basi waangalie," alisema mwishowe. "Jumamosi tarehe kumi, saa kumi na mbili asubuhi. Nitamwalika mkuu wa idara."

Huyu mwanamke nilimwandika vibaya humu tarehe kumi ya mwezi huu. Sifuti. Nimeacha ikae.

Jumatatu, 5 Mei

Cha kumi. Anyesi amenipa somo la maana kuliko yote.

"Mama, wewe unaruka kama mtu aliyeona nyoka. Unakwenda juu. Usiruke, pita. Na unakiangalia kiunzi. Kiunzi hakina shida na wewe. Angalia kule mbele unakokwenda."

Nimepita vitatu! Cha tatu kimebaki nyuma yangu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilipiga kelele, mwaka wa kwanza wakanipigia makofi.

Jumamosi, 10 Mei

Kipindi cha Anyesi cha kufidia. Mkuu wa idara alikuja na koti lake, akakaa dakika zote tisini. Nami nilikuja, ingawa kwangu hakihesabiwi. Mvua ilinyesha mwanzo mpaka mwisho. Sasa tuko sawa, kumi na viwili kila mmoja tukifika Jumatatu.

Jumapili, 11 Mei

Nilitoka kanisani nikakuta kiunzi uani. Cha chuma, kimepakwa rangi ya mageti. Ludovick alikuwa anajifanya anasoma gazeti.

"Sentimita sabini na sita," alisema. "Nilipima kwenye picha ya kijitabu chako."

Nilikivuka mara mbili. Mara ya tatu nikakigonga, na kwa kuwa amekichomelea kama geti la benki, hakikuanguka. Nilianguka mimi. Ludovick alitupa gazeti akaja mbio, na huku ananifuta damu analaumu chuo, serikali, na mimi. Halafu akachukua msumeno akakata kile chuma cha juu, akaweka ufito wa mwanzi unaodondoka ukiugusa.

Jioni alisimama mlangoni akiniangalia navuka, na niliposita alisema, "Tena."

Alhamisi, 15 Mei

Cha kumi na tatu. Vinne.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nusura tushindwe.

Saa tisa na nusu Anyesi alinipigia akiwa analia. Bibi wa mtoto alikuwa ameteleza kwenye tope asubuhi akateguka kifundo cha mguu, hawezi kumbeba Lesian. Nikamwambia aje naye. Alifika saa kumi kamili, mtoto mgongoni.

Silantoi alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto haruhusiwi uwanjani. Ni kanuni ya usalama, na tangu ile Jumamosi mkuu wa idara anachungulia dirishani kila kipindi. Alisema huku macho yake yanaomba samahani. Nilitazama barazani. Mwaka wa kwanza wote walitakiwa uwanjani.

Nikampigia Ludovick.

"Chukua pikipiki uje chuoni sasa hivi."

"Umeumia?"

"Njoo tu."

Silantoi alituanzishia mazoezi ya viungo, Anyesi akayafanya nje ya mstari, mtoto mgongoni, na filimbi ya kuanza rasmi haikupulizwa. Alisema anasubiri saa yake ilingane na ya chuo. Saa kumi na dakika kumi na mbili Ludovick alishuka kwenye pikipiki na ovaroli yake, miwani ya kuchomelea kichwani. Nikamwekea mtoto mikononi kabla hajauliza.

"Huyu wa nani?"

"Wa mwenzangu. Mshike kwa muda wa saa moja na nusu."

Filimbi ikalia.

Kila nilipozunguka nilimwona barazani. Kwanza alimshika Lesian kama mtungi wa gesi, mbali na kifua. Baadaye alikuwa anamwonyesha miwani. Kipindi kilipoisha mtoto alikuwa amelala begani pake, na Ludovick alikuwa hataki kusogea asije akamwamsha. Mkuu wa idara alipita akamsalimia na kumwuliza yeye ni nani hapa.

"Mimi ni mume wa mrudiaji," alijibu, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo.

Cha kumi na nne.

Alhamisi, 29 Mei

Cha kumi na saba. Mvua inakwisha. Meru umeonekana wote leo, mpaka ncha. Sijavuka vitano bado. Cha tano kinanikuta pumzi imeisha.

Jumatatu, 2 Juni

Cha kumi na nane. Silantoi alitia sahihi, akachora mstari chini yake kwa rula.

Alhamisi, 5 Juni

Mtahini wa nje alikuwa mzee mkimya mwenye kofia ya pama. Alieleza: kila mtu ana nafasi mbili. Kuangusha kiunzi kwa mguu si kosa. Kosa ni kusimama, kukikwepa, au kukisukuma kwa mkono.

Anyesi alipita mara moja, akaambiwa hakuna haja ya mara ya pili. Mzee aliandika huku anatabasamu.

Mimi nilipita kimoja, viwili, vitatu. Cha nne goti la nyuma lilikigonga, nikaenda nacho chini, uso kwenye majani. Nilibaki hapo nikisikia moyo. Nilisikia pia mtu anacheka kwa mbali, na kwa sekunde moja nilikuwa kwenye ofisi ya walimu, mkono juu.

Silantoi hakuruhusiwa kusema na mtahiniwa. Alisimama mikono nyuma, midomo imekaza. Anyesi ndiye aliyepiga kelele kutoka nje ya mstari: "Mama! Kule mbele!"

Nikarudi mwanzo, naburuta mguu. Damu ilikuwa inashuka mpaka kwenye soksi. Mzee aliniuliza kama nataka kupumzika. Nikasema hapana, nikipumzika nitafikiri.

Sikumbuki cha kwanza wala cha pili. Cha tatu nakumbuka kwa sababu sikukiangalia. Cha nne kilitikisika kikabaki. Baada ya hapo pumzi iliisha kama kawaida yake, na nikagundua kwamba miguu haikuwa inaisubiri. Cha tano nilikigonga kwa kisigino, kikaanguka nyuma yangu kwa kishindo, nikaendelea kukimbia mpaka ukutani kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia nisimame.

Ijumaa, 20 Juni

Matokeo yamebandikwa. Anyesi themanini na nane. Mimi hamsini na mbili. Kufaulu ni hamsini. Ludovick ameninunulia kitimoto, nyama ya nguruwe kilo nzima, na ameshawaambia watu wa kanisani, wote, hata ambao hawakuuliza.

Jumatatu, 23 Juni

Saa tisa na nusu nilijikuta nafunga kamba za raba. Nilifika uwanjani saa kumi kasoro dakika tano. Jua lilikuwa jepesi, majani yamekauka, viunzi vimepangwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Nikajipanga nyuma yao.

Silantoi alikuja na fomu mpya mkononi.

"Mwalimu Ndeshi, shikamoo. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Nimekuja kipindini."

Alijaribu kukaza uso akashindwa. "Kanuni hairuhusu, mwalimu. Somo ulilokwisha kufaulu halirudiwi."

"Basi niandike sipo, madamu," nikamwambia, nikavua sweta.